Siku Niliyowahesabu Watoto Kama Ng'ombe

Jumatano, Julai 1976. Upepo wa Usangu umepeperusha vumbi tangu asubuhi, midomo imenipasuka. Nimechoka.

Sijaandika tangu Ijumaa. Ni aibu tu.

Ijumaa niliwatoa watoto wangu wa chekechea nje, nikachora zizi chini kwa kijiti, nikaacha mlango. Wao ni ng'ombe, mmoja wao mchungaji. Ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, mchungaji anawagusa kichwani na kuhesabu kwa sauti. Mchezo huo niliubuni mwenyewe huku nikimnyonyesha mwanangu Tumaini, na nilijiona nimeweza. Walicheka sana. Sadiki aligoma kuingia mpaka wenzake wakubali kwamba yeye ni dume.

Ikafika zamu ya Kabula kuchunga. Kabula ni wa zile familia zilizohamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na hakuna anayeshika namba upesi kama yeye. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kimya. Wenzake wakapita wote. Nikamwambia ahesabu, akatikisa kichwa. Nikarudia, akatikisa tena. Nikaona ni kiburi, nikamsimamisha ukutani mpaka saa sita.

Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatatu hakuja. Jana pia hakuja. Kisimani jirani mmoja akanicheka, eti mwalimu mzima kutoka Ipogolo, Iringa mjini, ameshindwa na mtoto wa miaka sita. Nikacheka naye, halafu nikajitwika ndoo yangu nikarudi peke yangu kama siku zote. Hapa sina dada, sina shangazi, sina hata mtu wa kuniambia nimekosea wapi. Baba Tumaini yuko kazini Uyole, na barua yake ya mwisho ilikuja kabla hatujavuna mahindi.

Leo baada ya masomo nimemfunga Tumaini mgongoni nikaenda kwao Kabula. Ni mbali. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali juu ya utoro.

Mama yake alinipa kigoda na maziwa kabla ya kuniuliza lolote. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akanieleza taratibu kwamba kwao ng'ombe hanyooshewi kidole akahesabiwa, na mtoto hahesabiwi kabisa, maana ni kumwitia mabaya. Kabula alikuwa anawakinga wenzake. Ila Sadiki, kwenye zamu yake ya kuchunga, alikuwa ameshawahesabu wote kabla yake, na usiku ule Kabula alimuuliza mama yake nani kati yao atakufa kwanza.

Nikayaweka maziwa chini.

Nikamuuliza, sasa mnajuaje kama mmoja amepotea?

"Mwalimu, wewe wako huyo unamhesabu?"

"Ninaye mmoja tu, Mama Kabula."

"Hata wangekuwa kumi. Mtoto unamtazama. Asipokuwepo, unaona."

Nilimwomba radhi. Na Kabula nilimwomba, nimechuchumaa mbele yake, ingawa katika shule zote nilizosoma sijaona mwalimu akimwomba mtoto radhi. Lakini bado nataka ajue kuhesabu, na nikamwambia mama yake hivyo bila kuzunguka. Nikasema kuanzia kesho kila mtoto akipita mlangoni ataacha kijiwe kwenye kopo, tutahesabu vijiwe, watoto tutawaacha.

Mama Kabula akafikiri kidogo.

"Mawe hesabuni," akasema. "Hayana mama."

Tukacheka wote wawili. Sikumbuki lini nimecheka hivyo na mwanamke mwenzangu tangu nihamie hapa. Kabula hakusema kama atakuja. Ila nilipogeuka kumuaga, alikuwa ameinama anaokota vijiwe, anachagua vile laini.

Nimefika nyumbani jua bado halijazama. Kwenye ukuta wa jiko nina mistari ya mkaa, mmoja kwa kila siku tangu Baba Tumaini aondoke. Kila jioni naongeza mmoja, kisha naihesabu upya kuanzia mwanzo, kana kwamba nikikosea hesabu atarudi mapema.

Leo nimechukua kitambaa chenye maji nikaifuta yote. Limebaki doa jeusi.

Sikuhitaji mistari kujua kwamba hayupo.

Asubuhi nitasimama mlangoni na kopo tupu, nimtazamie Kabula.