Baba Hakuwa Amelewa

Ngaramtoni,
Arusha.
16 Julai 2024

Mpendwa kaka Gidion,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini leo moyo umekataa. U mzima? Wifi Rachel na watoto hawajambo? Huku baridi ya Julai imetukalia, mlima hatujauona wiki nzima, ila mimi na Mama tu wazima. Ningepiga simu, lakini ningekutukana, kwa hiyo nimeona niandike.

Baba hakuwa amelewa. Si Pasaka, si kabla yake, si siku yoyote. Soma tena hapo, kisha uendelee.

Unajua walivyomtenga. Siku ile ya Pasaka, kwenye mnada wa vitu vya sadaka nje ya kanisa, alikanyaga trei ya mayai mbele ya usharika mzima, akampita mchungaji bila salamu, na wiki iliyotangulia alikuwa amejigonga kwenye mlango wa kanisa. Mzee Yona, mwenzake wa baraza la wazee, akasimama akasema huyu anakunywa. Wakamwondolea uzee wa kanisa, wakamnyima Meza ya Bwana, akahamia benchi la nyuma. Baba alisema mara moja tu kwamba hajanywa. Hakuna aliyemsikiliza.

Na wewe ukatuma ujumbe kwenye simu ya Mama: Baba aache pombe, anatuaibisha. Baba aliusoma mwenyewe, Gidion, bila miwani, mpaka nukta ya mwisho. Hakula siku ile. Tangu hapo hujampigia.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita walikuja wapima macho, wakafunga turubai uwanja wa kanisa. Mwaka jana walikuja pia, tukamwacha Baba nyumbani, eti anasoma Biblia ya herufi ndogo, atapimwa nini? Ujinga wetu huo, na mimi nimo. Safari hii nilimburuta. Daktari, dada mmoja wa mjini aitwaye Dhara, akamwambia atazame mbele, asigeuze macho, kisha akachezesha kidole pembeni.

“Mzee, unakiona kidole changu?”

“Kidole kipi, mwanangu?”

Kilikuwa karibu na sikio lake. Nililia pale pale mbele ya watu.

Ni glakoma, presha ya macho. Inakula pembeni kimya kimya, haiumi, na katikati mtu anabaki anaona vizuri. Ndiyo maana anasoma, na ndiyo maana alikanyaga mayai. Jicho la kushoto limebaki linaona kama kwenye tundu tu. Kilichopotea hakirudi, matone ya kila siku yatalinda kilichobaki. Tungempeleka mwaka jana badala ya kumsema, leo angekuwa anaona zaidi ya hapo. Hapo ndipo ninapowaka.

Na hayajaisha. Yona alikuja juzi, akaketi, akanywa chai yetu, akasema kwa kuwa Baba alitengwa hadharani, utaratibu unamtaka asimame mbele ya usharika atubu, ndipo arudishwe kundini. Atubu nini? Atubu jicho? Nilimwambia aanze yeye kutubu kwa kumsingizia mtu, na chai nikaiondoa. Mama alinikemea, sijali. Kinachoniuma ni kwamba Baba amekubali. Anasema ameikosa Meza vya kutosha. Jumapili ya tarehe 28 atasimama, nami nitasimama naye, na nitasema. Wewe nakutaka uje umwombe radhi kabla ya hapo, kisha siku hiyo usimame kushoto kwake, kule asikoona.

Mama anakusalimu, na shangazi Elieshi pia. Baba naye anakusalimu, wala hana kinyongo. Kinyongo ninacho mimi.

Neno moja bado. Daktari amesema ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, watoto wote tupimwe. Mimi nimepimwa, niko salama. Wifi Rachel ameniambia umegonga geti kwa gari tena, ubavu ule ule wa kushoto, ukaapa kwamba hukuliona. Mimi sikukuuliza ulikuwa umekunywa nini. Kapime macho wiki hii, halafu uje nyumbani. Njoo kwa basi, kaka. Gari liache.

Mungu akushike mkono njiani.

Dada yako akupendaye na hasira zake zote,
Nanyori