Maneno Yasiyomo Kitabuni

Chuoni, Tabora

Mpenzi Baba Neema,

Barua hii ikukute mzima, wewe na binti yetu, na mvua ya Kisiba isiwe imewafungia ndani wiki nzima. Mimi sijambo, ila joto la huku limenikausha. Ndizi zao sitaki hata kuzizungumzia. Kifua cha mama kimepona? Neema ameshaota meno mapya ya mbele?

Sasa kaa vizuri. Jumamosi nilikwenda kutafuta viatu kwenye mitumba, maana siku hizi soko zima ni mitumba. Katikati ya magauni nikaona kitabu kama kile anachosoma baba yako, cha zamani, ambacho mwalimu wetu wa fasihi anakiita johari. Jalada lilelile la kijani. Viatu nikavisahau.

Unajua cha baba sikuwahi kukishika. Kinakaa chumbani kwake, na mkamwana wa Kinyakyusa haingii huko, wala hasemi na baba mkwe wake. Lakini jioni za mvua, alipowasomea watoto barazani, mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi nyuma ya ukuta wa mianzi, nikisikia kila neno. Kwa jinsi alivyopaza sauti, nilidhani anaanza uziwi.

Nilipopenda kuliko kote ni pale mke anapotaka kwenda kusoma mbali, ukoo mzima umenuna, na mkwewe anasimama mlangoni na kusema, "Nenda, mwanangu. Mlango huu hautafungwa mpaka urudi." Alipasoma wiki ileile shangazi yako alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mkamwana gani huyo anaacha mtoto? Atarudi na mume mwingine." Nililia juu ya maganda. Nikajipa moyo kwa maneno ya kitabu, kwa kuwa ya baba yako nisingeweza kuyauliza. Nilipanda basi sijui kama ameniruhusu au ananivumilia tu, na jambo hilo limenitafuna tangu siku ile.

Basi nimekisoma chote, Baba Neema, na pale mlangoni nimeparudia tena na tena. Mzee wa kitabuni hasemi hivyo. Anamwambia yule mwanamke arudi jikoni, naye anarudi, kisha hadithi inaendelea na mambo ya ng'ombe.

Maneno yale ni ya baba yako. Nilicheka, nikalia, wenzangu bwenini wakadhani nimepata msiba. Nikawaambia, "Baba mkwe wangu amekisahihisha kitabu." Tangu hapo natembea kichwa juu. Mwandishi asifiwe atakavyosifiwa, mzee wa Kisiba amemshinda, tena kwa ajili yangu mimi mkamwana wake. Najivunia nyumba niliyoolewa, nakwambia waziwazi.

Msalimie mama, na jirani yetu fundi cherehani anayemshonea Neema sare. Shangazi naye msalimie sana, umwambie mume ni yuleyule.

Baba usimwambie kitu. Krismasi nikija, mwombe tu awasomee watoto kile kisa cha mlangoni. Akimaliza, mimi nitakuwa jikoni na kitabu changu, na nitamsomea Neema kwa sauti kubwa: "Mwanamke akarudi, akaukuta mlango wazi, akashukuru akisema, 'Ndaga fijo, baba.'"

Hayo nayo hayamo kitabuni. Atajua.

Mkeo anayekupenda,
Mama Neema