Neno la Gatini

Birkenhead, 9 Februari 1862

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe. Kile kifua vipi? Bado unakohoa asubuhi, au umeamua kunificha kama kawaida yako?

Kazi nimepata. Ni useremala wa meli, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Meli tunayojenga ni nzuri mno, nyembamba, ya mbio, na haina jina. Nikiuliza ni ya nani, msimamizi ananiambia nishike randa yangu. Basi nashika randa.

Nimekutumia kisanduku kwa treni. Kina unga wa shayiri, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na chai kidogo. Ule wewe. Usimpe Betty jirani yote, maana nakujua.

Kuna jambo linanichekesha. Hapa nyundo zikizidi watu wanapiga kelele ili wasikike. Mimi nasahau, nasema kwa midomo tu bila sauti, kama wafumaji wa kwetu. Juzi nilimwomba mwenzangu misumari hivyo, akadhani nataka kumbusu. Nikakumbuka nilipokuwa mdogo nakuletea chai kiwandani, mitambo yote inanguruma, na wewe kutoka mwisho wa chumba unaniambia kwa midomo nifute kamasi. Chumba kizima kiliona. Nikikasirika nakugeuzia mgongo, maana kwetu asiyetazama hasikii, nawe unanirushia kibonge cha uzi kisogoni mpaka nigeuke.

Nimekukumbuka, mama. Hapa hakuna anayenirushia kitu.

Mwanao,
Enoch


Thornclough, 16 Machi 1862

Mwanangu Enoch,

U hali gani huko? Mimi sijambo, na kifua changu kiache, kina mambo yake.

Usishtuke na mwandiko huu, ni wangu mwenyewe. Kiwanda kimefungwa tangu Krismasi. Marekani wanapigana, watu wa Kaskazini wamezifunga bandari za Kusini, na pamba yetu yote imekwama kule. Basi sisi wanawake tunapelekwa shule ya kushona ili tupate mkate, na tukimaliza kushona tunafundishwa kuandika. Mwalimu wetu ni binti wa kasisi, hajafika hata miaka ishirini, na nikimaliza mstari ananiita mtoto mzuri. Namvumilia kwa sababu ya mkate.

Walijaribu kutuletea pamba ya India. Fupi, chafu, inakatika ukiitazama tu. Wakaacha. Saa ya ukutani ya baba yako nimeiuza, sasa naamka kwa mazoea.

Kisanduku kimefika salama. Nililia juu ya ile nyama mpaka Betty akasema nitaizidisha chumvi. Nimempa kidogo. Sawa, nimempa nusu, ana watoto.

Ila hiyo meli inanisumbua. Meli kubwa hivyo haikosi mwenyewe. Uliza tena.

Nyumba imekuwa kimya, mwanangu. Wakati mwingine nazungumza na kiti chako kwa midomo.

Mama yako


Birkenhead, 4 Mei 1862

Mama mpenzi,

Shikamoo nyingi kutoka kwa mtoto wa mtoto mzuri. Natumaini hii inakukuta mzima, nami ni mzima, ila mikono imejaa malengelenge.

Nimeuliza, na nimejua, ingawa hapa kila mtu anajua na hakuna anayesema. Meli ni ya watu wa Kusini. Itatoka kama ya biashara, mizinga itapandishwa huko baharini, kisha itawawinda watu wa Kaskazini mpaka wachoke na bandari zifunguliwe. Umeona sasa? Pamba itakuja. Mwakani mitambo itanguruma, utarudi kwenye nafasi yako karibu na dirisha, nami nitakuja na chai.

Nilikuwa naona haya kula wakati wewe huli. Sasa kila msumari naupigilia kwa jina lako. Kisanduku kingine kiko njiani, na safari hii nimetia siagi.

Mwanao,
Enoch


Thornclough, 22 Juni 1862

Mwanangu,

Salamu. Natumaini malengelenge yamepona. Soma barua hii umekaa.

Jumanne tulikuwa na mkutano kanisani kwetu, wafumaji watupu, mpaka wengine walikaa kwenye ngazi. Alikuja mama mmoja mweusi kutoka Carolina, huko huko Kusini inakotoka pamba yetu, Bi Dorcas Venable, aliyetoroka utumwani akafika Kanada na sasa anazunguka miji yetu akisema habari zao. Nilikaa mbele kabisa. Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayekueleza kazi yake, jinsi wanavyochuma, jinsi lile ganda la pamba lilivyo na ncha kali likikauka. Alianza kuchuma akiwa na miaka sita. Akatuonyesha vidole, na ncha zake zote zilikuwa makovu.

Sasa wewe unajua tunavyofanya kazi. Kile kijiti cha kubeba uzi kina tundu, unatia mdomo, unavuta pumzi mpaka uzi utoke, kutwa nzima, maisha yote. Ndivyo nilivyopoteza meno yangu ya mbele. Nikakaa pale nikawaza, kazi ya mikono ya mama huyu imekuwa mdomoni mwangu tangu ujana, na sikujua hata jina lake.

Watu walipotoka nilimfuata nikamwambia hivyo hivyo. Nilidhani atakasirika. Alinitazama mdomo, akaona pengo langu, akanishika mkono, akasema, "Basi sisi tulishakutana zamani."

Kisha ikapigwa kura, kama tuiombe serikali isaidie kuzifungua zile bandari, au tukae na njaa mpaka watu wa Kusini washindwe na watumwa wao waachiwe. Watu ambao hawakula tangu jana yake waliinua mikono kukaa na njaa. Betty aliinua miwili, nikamwambia ashushe mmoja. Mimi niliinua wangu.

Sasa niambie, Enoch, mkono ule nitaula nao mkate wa meli ile? Nimekirudisha kisanduku chako bila kukifungua. Nilikinusa tu, sitakudanganya. Acha kazi hiyo, mwanangu. Rudi nyumbani tulale njaa pamoja. Nitakuwa nimeshiba nikikuona.

Mama yako


Birkenhead, 13 Julai 1862

Mama,

Natumaini u mzima, ingawa sijui utakuwaje mzima kwa kura.

Kisanduku kimerudi. Nyama imeoza njiani na siagi imemwagika yote. Nimekitupa mtoni.

Baba alikufa na kifua kilichojaa vumbi la pamba, na hakuna aliyeinua mkono kanisani kwa ajili yake. Huyo Bi Dorcas namwonea huruma, kweli, mimi si jiwe. Lakini yeye ameshatoka kule. Wewe ndiye unayeuza saa. Nina mama mmoja tu, na hamkuniuliza mimi mlipopiga kura afe njaa.

Unataka niache kazi nije nikutazame unavyokonda. Siwezi. Meli inaondoka mwisho wa mwezi na nimejiandikisha kuwa seremala wake. Pamba ikifika Thornclough utajua nani kaileta, upende usipende.

Usije kuniaga.

Enoch


Baharini, 3 Oktoba 1862

Mama yangu,

Salamu kutoka mbali. Sijui hii itakukuta katika hali gani. Nimempa nahodha wa meli ya Wareno aipeleke.

Nilikuona. Ulikuwa gatini umevaa ile shali ya kijivu, umekuja hata baada ya maneno yangu, na najua nauli huna, kwa hiyo sijui ulifikaje. Meli ilikuwa imeshaachia kamba. Watu walikuwa wanapiga kelele na kupunga vitambaa, wewe peke yako ulikuwa kimya, na nikaona mdomo wako unaanza kusema. Nikakugeuzia mgongo, mama. Niliogopa ungenilaani, na laana yako ningeielewa hata toka ng'ambo ya mto. Nilipogeuka tena tulikuwa mbali na sura yako ilikuwa imepotea.

Ngoja nikuambie tulichofanya. Mizinga ilipandishwa kama walivyosema. Tumechoma meli kadhaa za Kaskazini, watu tunawatoa kwanza. Wiki iliyopita tulikamata moja inayotoka New York. Mimi ndiye niliyetumwa na shoka kufungua ghala lake. Ilikuwa mapipa ya unga mtupu, na kila pipa limeandikwa Liverpool. Nilirudi nikamwambia ofisa kwamba huu unga unaenda kwetu, kwetu watu wana njaa. Akasema, "Choma." Tukachoma. Usiku kucha moshi ulinukia mkate, na mabaharia wakasema harufu nzuri. Mimi nilijiziba pua kwa blanketi mpaka asubuhi.

Nilitaka kukulisha, nikachoma chakula chako. Sina jinsi nyingine ya kulisema.

Wanasema tutatia nanga kisiwa cha Martinique. Nitajaribu kutoroka hapo. Niandikie kwa kasisi wa mabaharia kisiwani, na uniambie ulisema nini gatini. Hata kama ni baya. Silali kwa ajili yake.

Mwanao, kama bado unanitaka,
Enoch


Thornclough, 1 Machi 1863

Mwanangu Enoch,

Barua yako ilichukua majira mawili ya mwaka kunifikia, lakini imefika, na nimeisoma mwenyewe mpaka karatasi imelainika. Hujambo? Unakula? Una soksi?

Kwanza sikia hili. Watu wa New York wametuletea unga bure, meli nzima, kwa ajili yetu sisi wafumaji. Kasisi alisoma kanisani. Pipa letu lilifika Thornclough kwa mkokoteni na watu walitoka nje kulitazama kama bwana harusi. Kwa hiyo ule mlioutia moto haukuwa wa mwisho. Nasema hivi si kukuumiza. Nasema ili ulale.

Nilipika mkate. Nusu nilikula na Betty, nusu nikakuwekea, kisha ukaanza kuota ukungu nikaona ujinga, nikaula huku nakutukana.

La gatini siliandiki. Si neno la karatasi, ni la mdomo. Toroka, uje usimame mbele yangu, nitakuambia. Nilipata lifti ya gari la makaa, kama unataka kujua, na nilirudi mweusi kama bomba la moshi.

Nakusubiri.

Mama yako


Thornclough, 11 Oktoba 1863

Mwanangu,

Salamu tena. Hujajibu. Nimemuuliza kasisi, anasema barua za visiwani hupotea. Nimeuliza na magazeti, yanasema meli yenu imepigana na manowari ya Kaskazini na ingali inazunguka dunia. Majina ya waliokufa hawaandiki.

Watumwa wametangazwa huru. Bi Dorcas alipita tena mji wetu, akaniuliza mwanao yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Sikuona haya kumdanganya, maana nilikuwa najidanganya mimi.

Kiwanda kimefungua mitambo michache. Nimerudi nafasi yangu ya dirishani. Wasichana wapya wanashangaa kwa nini nautazama mlango kila saa ya chai.

Nilikuwa na kiburi ile barua iliyopita. Kama nisipoandika sasa labda hutajua kamwe. Sikukulaani, Enoch. Nilikuja na laana, nilikuwa nayo tayari njia nzima kwenye lile gari la makaa. Nikakuona juu ya meli, umekonda kuliko mimi, shati linakupwaya, na yote yakanitoka. Nilisema neno moja tu. Nilisema, "Umekula?"

Basi. Ndilo hilo.

Nijibu, baba. Hata mstari mmoja.

Mama yako


Liverpool, 17 Aprili 1864

Mama yangu,

Salamu. Nipo hai, na niko Liverpool, nyumba ya mabaharia. Barua zako, kama uliandika, sikupata hata moja. Martinique walitufunga ndani ya meli wasije wakatoroka watu. Nilishuka mwaka jana huko Afrika ya Kusini, bandari ya Cape, nikajificha mpaka meli ikaondoka, nikarudi taratibu, ninafanya kazi meli hadi meli.

Kuna jambo lazima ulijue kabla hujaniona. Sisikii. Tulipigana na manowari moja ya Kaskazini, nami nilikuwa nimesimama kando ya mzinga, na tangu siku ile masikio yamekwisha. Daktari amesema hayarudi. Watu hapa wananiandikia kwenye ubao kama mtoto wa shule, au wananipigia makelele usoni, wananitia mate bure. Nawaambia waseme polepole tu, bila sauti, nitaona. Hawaamini.

Nimekutana na mtu wa Thornclough. Ameniandikia kwamba kiwanda kinafanya kazi nusu, kwamba uko kwenye dirisha lako, na kwamba umekonda lakini ulimi ni ule ule.

Nakuja Jumanne, mama. Sitakuja nyumbani kwanza, nitakuja kiwandani saa ya chai, mitambo ikinguruma, maana mle hakuna anayesikia na nitakuwa sawa na wote. Nitasimama mlangoni. Huna haja ya kuacha kazi yako wala kunikaribia kama hutaki. Simama hapo hapo dirishani uniambie lile la gatini, lote, hata kama ni laana. Nimelibeba miaka hii yote bila kulijua.

Sitageuka.

Mwanao,
Enoch