Sehemu ya Shuriye

Chechelesi, Isiolo
Mwezi wa Agosti, 1966

Kwa dada yangu mpenzi Umulkheir,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Nanyuki haijakurudishia kile kikohozi. Mimi nashukuru Mungu napumua, ingawa kusema niko salama nitakuwa nakudanganya. Barua hii anakuletea Mungania, yule Mmeru wa miraa, kwa sababu ana kibali cha kupita vizuizini. Ukishaisoma, itie motoni.

Dada, naogopa. Kumbuka tangu lori la Shuriye lilipokutwa limeungua njia ya Korbesa na mwenyewe asionekane, serikali inamhesabu mume wangu huyo kuwa shifta, mmoja wa waasi wa msituni. Askari huja mchana wakati wowote, wanatazama chini ya kitanda, wanafunua sufuria. Chakula kikizidi cha watu wa nyumba, wanasema unalisha watu wa msituni. Mimi naishi peke yangu. Mama Gatakaa wa nyuma yetu alikutwa na ugali wa jana tu, akapelekwa kambi ya waya wanakofungia watu, na mpaka leo hatujamwona.

Sasa juu ya hayo, mwili wangu nao umenigeuka. Siku zangu zilikatika mwaka jana. Joto linanipanda kutoka kifuani hadi masikioni, nalowa jasho nikiwa nimekaa kivulini, halafu nasikia baridi. Hayo ningeyavumilia. Lakini tumbo, dada. Limetoka mbele, na nguo zangu zote nimezifumua pembeni. Habibo jirani yangu alianza kuniuliza kwa kucheka kama nimebeba. Mwishowe hakucheka tena. Mwanamke ambaye mumewe hayupo akiota tumbo, huku Isiolo kuna maelezo mawili tu. Shemeji zangu wakachagua lao, wakaacha kunisalimu. Askari wakachagua lao: kwamba Shuriye anakuja nyumbani kwa siri.

Sajini akaniita kituoni. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, hayo ya kuzaa yamenipita. Akanitazama tumbo, akaniambia niende hospitali. Huko nikampata nesi mmoja wa Meru, Kagwiria, msichana mpole ambaye mikono yake haina haraka. Daktari aliyekuja kwa ziara alinipima, akasema hakuna mtoto. Kagwiria ndiye aliyenieleza polepole kwamba mwanamke ana maji yake mwilini yanayoitwa homoni, na umri ukifika yanapungua, ndiyo maana hedhi inakoma, joto linapanda, na mafuta yanahama kutoka nyonga kwenda tumboni. Nilipewa vidonge vya kurudisha kidogo ya hayo yaliyopungua. Akanionya nikiona uvimbe kwenye ziwa, au mguu ukiniuma na kuvimba, nisingoje, nirudi mara moja.

Vidonge vimenisaidia, nisikufuru. Joto limetulia na usingizi nimeuona. Kagwiria alienda mwenyewe kwa sajini akamwambia hii si mimba. Yule mtu hakubisha. Alinigeukia mimi, akasema, "Sawa mama, tutaonana mwezi ujao. Kama ni mafuta, itapungua. Kama ni mtoto, itaongezeka."

Nikarudi nyumbani nikimeza vidonge kama ibada. Tumbo likaongezeka.

Juzi nilirudi kwa Kagwiria, nikamwambia dawa yake itanipeleka kambini. Akasema vidonge hivi ni vya joto na usingizi, tumbo halipunguzwi navyo. Tumbo linataka chakula kidogo na kutembea. Akaniuliza nakula nini. Nikataja uji, wali kidogo, maziwa. Akanipandisha kwenye mizani, akatazama, kisha akafunga mlango na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unakula ya watu wangapi?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe, maana wewe peke yako utaelewa.

Unakumbuka Baba alipopelekwa na jeshi la Mwingereza mbali, hata habari zake zikakatika? Mama hakuacha kupima sehemu yake kila mlo. Alisema siku utakapoacha kumpikia msafiri, umemzika. Akaipika mpaka Baba akatokea mlangoni adhuhuri, akakuta wali wake ungali moto. Mama alikuwa akiwapa majirani ikipoa. Mimi nimpe nani, dada? Nikimpa mtu, atauliza chakula kilikuwa cha nani. Nikikiacha, askari watakikuta. Kwa hiyo kila siku nampikia Shuriye, nangoja kidogo, halafu nakula sehemu yake upesi upesi kabla hawajafunua sufuria. Nakula nimeshiba, nakula kwa hofu. Hilo tumbo wanalolitazama wote ni yeye kweli, ila si kwa namna wanayodhani.

Jumatatu sajini ananiita. Najua mwili haupungui kwa siku chache, lakini kwa kuwa ninaogopa ile waya kuliko kitu chochote, jana nilipima mchele wa mtu mmoja. Nikaufunika, nikaona jinsi ulivyo mdogo chini ya sufuria, nikalia mpaka ukaungua.

Dada yangu, huko kwenu hakuna anayekuja kufunua sufuria. Nakuomba, kuanzia siku utakapopata barua hii, umpikie wewe. Anapenda wali wenye iliki nyingi. Ukipoa, wape watoto.

Nisalimie shemeji, na uwabusu wadogo kwa niaba ya mama yao mdogo. Mungu akituandikia, tutaonana.

Mimi mdogo wako,
Istar