Kabla ya Upasuaji Wako wa Tarehe Ishirini na Sita

S.L.P. 417,
Mumias.

11 Machi 2025.

Mpendwa Awinja, binti wa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka Musanda. Natumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima, unakula vizuri, na kwamba kikohozi kilichokusumbua mwezi wa Januari kimekwisha. Joto la Dubai tunalisikia katika habari na tunakuhurumia. Sisi hapa tu wazima kwa rehema za Mungu. Goti langu la kulia limeanza kulalamika tena, lakini bado linanifikisha kanisani na kunirudisha.

Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu haya ninayotaka kukueleza hayatoshi katika ujumbe wa simu, na nikiyasema kwa mdomo nitaishia kukukaripia kama juzi. Mjukuu wangu Shantel atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo hii. Nimemwagiza azipige bila kuzisoma. Ameapa, ingawa wewe unamjua.

Mvua ilianza wiki iliyopita. Shamba la chini tumekwisha kulipanda mahindi, na miwa ya upande wa barabara inakatwa, hivyo trekta zinapita hapa tangu asubuhi na kelele zake zote zinaingia sebuleni. Nikiziona ninakukumbuka ukiwa na miaka tisa, ukikimbia nyuma ya tela kuchomoa muwa, na mama yako akikuita kwa ukali huku akicheka.

Tangu ulipotuambia kwamba utafika tarehe kumi na mbili Aprili, mke wangu Gentrix hajatulia. Amefua mapazia ya chumba chako mara mbili. Kuna majogoo wawili anaowaita "ingokho za Awinja", yaani kuku wa Awinja, na hakuna anayeruhusiwa hata kuwafukuza jikoni. Mchungaji alipotutembelea Jumamosi alipewa maharagwe huku majogoo hao wakipita miguuni pake.

Mimi si mtu wa kusema mambo ya moyoni, lakini leo nitasema. Miaka kumi na miwili bila kukuona ana kwa ana ni mingi. Ninapokuona katika simu ya Shantel, picha hukatika kila unapoanza kucheka, nami hubaki nikitazama kioo cheusi. Nimekuwa nikizihesabu Jumapili zilizobaki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Uliponiambia juzi kwamba kabla ya kuja, tarehe ishirini na sita mwezi huu, utafanyiwa upasuaji wa uso, nilikujibu vibaya. Kope, pua, ngozi ya mashavu na ya shingo, vyote kwa siku moja, saa saba juu ya meza. Nilikuuliza kama wewe ni nyumba inayokarabatiwa. Gentrix, aliyekuwa karibu, aliongeza kwamba pua hiyo ni ya ukoo mzima, na ukiiondoa itabidi tukutambue kwa kitambulisho. Tulicheka. Wewe hukucheka.

Uliniambia, "Mjomba, watu wananisubiri huko nyumbani. Sitaki waseme Dubai imenizeesha." Ukanieleza kwamba likizo yako ni moja tu, kwamba daktari wako ni bingwa, kwamba watu wengi huunganisha hivyo wakalala mara moja na kupona mara moja. Nilibisha kila neno. Ndipo ukasema, kwa hasira, kwamba umejaza fomu zao zote, wameuliza juu ya maradhi ya ukoo, nawe umeandika kwamba hakuna. Ulisema mama yako alikufa kwa malaria tu.

Baada ya hapo hukunisikia tena. Ulituma ujumbe ukidhani mtandao umekatika. Mtandao haukukatika, Awinja. Niliiweka simu chini mimi mwenyewe.

Mama yako hakufa kwa malaria.

Unakumbuka ulivyofika nyumbani mwaka 2009, siku mbili kabla ya mazishi, ukiwa huna hata miezi sita katika kazi uliyokuwa nayo kabla ya Dubai. Uliniuliza Jescah, mama yako, ameugua nini. Nilikupa kijitabu cha mazishi kilichokuwa kimetoka kupigwa chapa, nikakuambia kwamba wewe ndiwe mtoto mkubwa, hivyo wewe ndiwe utakayesoma wasifu wa marehemu. Wasifu wote wa ukoo huu huandikwa na mimi, kama ujuavyo. Ulisimama mbele ya watu wote ukasoma: "Aliugua malaria kwa muda mfupi." Sauti yako haikutetemeka. Nilikaa katika kiti cha mbele nikijua kwamba nimemtia mtoto uongo kinywani mbele ya kaburi la mamake.

Ukweli ni huu. Jescah alikuwa na vijiwe katika kifuko cha nyongo, na vipimo vilionyesha pia uvimbe katika mji wa mimba, na ngiri ya kitovu iliyokuwapo tangu zamani. Daktari wa upasuaji alitaka kuanza na nyongo peke yake, kisha arudi baada ya miezi mitatu kwa mengine. Mama yako akafanya mzaha wake. Alisema, "Kaka, wakishanifungua watoe kila kisicho na kazi. Mimi si gunia la kushonwa kila msimu."

Alikuwa akitutoa hofu. Mimi nikauchukua mzaha ule nikaupeleka kwa daktari kama uamuzi. Baba yako alikuwa amekwisha kufa, na mimi ndiye niliyesimama mahali pa familia. Nilimweleza daktari shida ya safari, shida ya kupata kitanda, ugumu wa kumwomba mgonjwa avumilie mara mbili. Nilizungumza vizuri sana. Unajua jinsi ninavyoweza kuzungumza. Daktari alisitasita, mwishowe akakubali, na mimi nikatia sahihi.

Alikaa mezani saa tano na nusu. Alizinduka, akaongea, akaomba uji. Siku ya tatu alipoinuka kwenda msalani alishika kifua, akasema hapati pumzi, na kabla muuguzi hajafika alikuwa amekwisha kututoka. Walitueleza kwamba damu iliganda mguuni, kisha bonge lile likapanda hadi kwenye mapafu.

Kwa nini niliandika malaria? Upande wa baba yako wangeuliza ni nani aliyekubali. Majirani wangetafuta mchawi. Malaria haiulizwi maswali. Kila nyumba hapa ina mtu wake aliyekufa kwa malaria. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Sababu ya kweli ni kwamba sahihi ile ilikuwa yangu.

Jana nilikwenda Mumias kumwona Wandera. Nilimfundisha darasa la saba, na sasa ndiye anayewapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa. Nilikwenda nikitumaini kwamba ataniambia jambo unalotaka kulifanya ni wazimu, nipate kukunukulia. Hakuniambia hivyo, nami ni lazima nikueleze alichosema hata kama hakinipendezi.

Wandera alisema kwamba kuunganisha upasuaji kadhaa wa uso si jambo la ajabu. Mtu mwenye afya, kwa daktari aliyehitimu, mahali penye vifaa na watu wa kumwangalia, wengi hutoka salama, na kulala mara moja kuna nafuu yake. Alisema pia kwamba tumbo si uso, kwa hiyo nisikupimie kwa kipimo cha mama yako. Ila kadiri saa za kulala bila kusogea zinavyozidi, ndivyo hatari ya damu kuganda inavyozidi, na hatari hiyo si sawa kwa kila mtu. Ndiyo maana fomu inauliza habari za ukoo.

Aliniuliza kama Jescah aliwahi kuvimba mguu. Nikakumbuka. Alipomzaa ndugu yako Wanjala, mguu wake wa kushoto ulivimba hadi juu ya goti, ukawa wa moto, akalala nao majuma sita. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Bibi zako walisema amekanyaga kitu kilichotegwa njiani, wakamleta mzee mmoja kuja kukichimbua. Kilichimbuliwa kipande cha chungu, tukaridhika. Hakuna aliyempeleka hospitali.

Nilipomsimulia hayo, Wandera aliivua miwani yake. Alisema, "Mwalimu, huyo dada anaenda kulala saa saba na wale madaktari hawajui hili? Mwambie awaambie leo. Si kesho." Alinieleza kwamba tabia hiyo ya damu yaweza kurithiwa, kwamba kuna vipimo, na kwamba wakijua, wanaweza kuugawa upasuaji mara mbili, au kumpa mtu dawa ya kuzuia damu isigande, au kumwambia asifanye kabisa. Akaniuliza pia kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, nikamwambia kwamba jambo hilo mjomba haliulizi. Alisema wewe uliseme kwa daktari wako. Nimelifikisha.

Kwa hiyo ninakuomba, na neno hili silitumii ovyo, uende kwao uifute ile "hakuna" uliyoiandika. Waambie hivi: mama yangu alivimba mguu mmoja baada ya kujifungua, na mwaka 2009, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alikufa siku ya tatu baada ya upasuaji, kwa bonge la damu lililoingia mapafuni. Usiongeze, usipunguze. Kisha uwasikilize wao, usinisikilize mimi.

Nina jambo jingine la kukiri, nalo ni dogo kuliko hilo lakini linanisumbua. Nilipokukataza juzi, sikuwa nikifikiria damu wala saa. Nilikuwa nikifikiria uso wa Jescah. Hatuna picha yake nzuri. Ile ya kitambulisho imefifia. Wewe ndiwe uliyebaki nao. Kila unapokunja paji la uso katika simu, ninamwona dada yangu akinikatalia jambo. Nilitaka uniletee uso huo mara moja zaidi kabla sijafa. Hiyo haikuwa haki. Uso ni wako, umeubeba kwa miaka arobaini na minne, na ukitaka kuubadilisha kwa usalama, sitasema neno. Gentrix atasema, lakini yeye utamzoea.

Nilimtajia Wandera na safari yako. Alisema kwamba kukaa ndani ya ndege kwa saa nyingi, wiki chache tu baada ya upasuaji mrefu, nako huongeza hatari kwa mtu mwenye damu ya namna hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa mambo yalivyopangika. Unaviunganisha vyote katika siku moja kwa sababu likizo ni moja, na likizo ni moja kwa sababu umeahidi kuwa hapa Pasaka. Unakimbilia kwetu, Awinja. Mara ya kwanza, kwa mama yako, mimi ndiye niliyeharakisha kwa ajili ya safari. Mara hii siwezi kuwa sababu tena.

Basi usije Aprili.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaondoka mezani, nikarudi, na bado ninaisimamia. Ikiwa madaktari watasema ugawe, gawa. Wakisema usubiri hadi vipimo vitoke, subiri. Uje Agosti, au Desemba, au mwaka ujao, na uso wowote utakaokuwa nao. Gentrix nitamwambia mimi. Atalia kidogo, kisha atauliza kama majogoo wapewe mahindi zaidi. Na yeyote atakayesema Dubai imekuzeesha, mwache aje aniambie mimi.

Sijui kama utanisamehe yale ya mwaka 2009. Sikuombi uniambie sasa. Ndugu yako Wanjala nitamweleza mwenyewe Jumapili baada ya ibada, kwa maana damu ile ni yake pia, na ana mabinti.

Gentrix anakusalimu sana, na Shantel, na Wanjala na watu wa nyumbani kwake. Mzee Were wa upande wa baba yako aliuliza habari zako sokoni. Nilimwambia kwamba u mzima. Nisalimie wale wenzako Wakenya mnaosali pamoja.

Mungu aliyekulinda miaka yote hii tusipoweza kukufikia aishike mikono ya watakaokuhudumia, na akurudishe kwetu ukiwa hai.

Ukimaliza kusoma, usinijibu mimi kwanza. Mpigie daktari wako kwanza. Mimi nitasubiri, kwa miaka kumi na miwili nimejifunza.

Akupendaye hata anapokukaripia,
mjomba wako,

Cornelius Osiako.