Mchuzi wa Zena

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya kipupwe yasiyo na kelele, yanayomlowesha mtu huku akijiambia bado hajaloa. Milima haikuonekana kutwa. Wingu limekaa juu ya Kilakala kana kwamba limepewa nyumba huko. Koti langu nimelitundika mlangoni, linachuruzika. Na mimi ningetundikwa ningechuruzika vilevile.

Leo nilitumwa neno moja tu. Nilipanda nalo gari la moshi mpaka Mikese, nikarudi nalo.

Zena amefariki. Ni jirani yetu, mke wa Bakari muuza tumbaku. Homa ilimshika wiki iliyopita, tukadhani ni hii ya baridi inayotushika sote, na alfajiri ya leo akaondoka. Dada yake, Mwanahawa, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa, naye anakaa Mikese. Bakari alikuja kwangu kabla sijafungua mlango vizuri.

"Fundi, nenda wewe. Wewe ni mtani wao, unajua kusema. Mlete na gari la mchana amwone mdogo wake. Nitamsubiri mpaka baada ya alasiri. Zaidi ya hapo siwezi, kaburi litajaa maji."

Mimi Mnyamwezi, wao Waluguru. Tangu nilipofika mji huu wa Morogoro na mzigo wa mtu mwingine kichwani, zamani za misafara, wao ndio wananiita punda na mimi ndio nawaita nyani wa mlimani, na hakuna anayenuna. Msibani mtani ana kazi yake. Analeta habari nzito, anamcheka hata maiti, mpaka wafiwa wapate kupumua. Nimejisifia kazi hiyo miaka yote. Cherehani yangu hupumzika Ijumaa, ulimi wangu haujapata kupumzika.

Basi nikaenda. Na kwa kuwa nilikuwa nakwenda, nikachukua na kanzu mbili za Mhindi mwenye duka pale karibu na stesheni ya Mikese, maana alikuwa anazidai.

Naona haya kuandika hili. Mtu amekufa, mimi nakumbuka kanzu.

Niliposhuka Mikese nilikwenda dukani kwanza. Nikajiambia niache mvua ipungue. Mvua ile haikuwa ya kupungua wala ya kuzidi, na nilijua. Mhindi akanipa kahawa, nikanywa. Akanipa nyingine, nikanywa. Nikaomba kuona nyuzi, nikazigeuzageuza rangi zote kama bibi harusi aliyeletewa vitambaa, mwisho nikanunua nyeupe. Nilikuwa nataka nyeupe tangu nyumbani.

Nilikuwa naogopa. Ndiyo habari yenyewe.

Mwanahawa alikuwa barazani anapepeta mchele. Aliponiona nakuja na matope mpaka magotini, akacheka hata ungo ukayumba.

"Haya, Mnyamwezi! Leo umetumwa na nani? Au umekosa mzigo wa kubeba ukaamua kubeba matope?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa neno lile nililotumwa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikamwona alivyofurahi kunipata wa kumchokoza siku ya baridi namna ile, nikasema, "Zena hajisikii vizuri. Anakuita."

"Anaumwa sana?"

"Kidogo."

Nimeshona nguo nyingi vibaya katika maisha yangu, na kila moja niliweza kuifumua. Hiyo "kidogo" sijui niifumue wapi.

"Anaumwa kidogo, halafu anamtoa mtu mzima kwenye mvua!" akasema. "Huyo nimemdekeza mwenyewe. Akiumwa kucha anataka mchuzi wa kuku." Akaweka ungo chini, akaingia uani, akatoka na tetea mwekundu kamshika mbawa. Akaniambia ndiye anayemtagia kuliko wote, lakini Zena hapendi kuku mgumu. Mume wake alikuwa shambani. Basi kisu akanipa mimi.

Nikachinja mimi. Nikaelekea kibla, nikasema bismillahi kwa sauti, na uongo wangu bado umelala mdomoni.

Najua kuna watu hufanya hivi. Huambiwi amekufa, unaambiwa amezidiwa, njoo, ili usianguke njiani. Nimejitetea kwa hilo kutwa nzima. Lakini hao husema amezidiwa, uso ukawa umekunjamana, na mwenye akili anaelewa, anaanza kujiandaa. Mimi nilisema kidogo, tena nikatabasamu.

Kuku haivi kwa sababu gari la moshi linakuja. Nilikuwa nachochea kuni mbichi kwa pumzi zangu zote, machozi yananitoka kwa moshi, naye ananicheka kwamba tangu azaliwe hajaona Mnyamwezi mwenye haraka ya kumpikia Mluguru. Mluzi uliposikika chungu kilikuwa bado kinatokota. Akakifunika kwa jani la mgomba, akakifunga kanga, akajitwika, tukakimbia kwenye utelezi, mimi nyuma nikiwa nimenyoosha mikono kama atakayedaka mtoto.

Tulilipata.

Behewa letu lile la watu wa chini halina ukuta wa kutosha, mvua inaingia ubavu huu na kutokea ule. Mwanahawa alikaa na chungu mapajani. Kanga ya kujifunika kichwa akaivua akakiongezea chungu. Harufu ikajaa. Mama mmoja mwenye tenga la ndizi akauliza huyo mgonjwa ni nani, maana na yeye angependa kuumwa.

"Mdogo wangu," Mwanahawa akasema. "Muombeeni, lakini msimuombee sana. Akipona upesi atasema mchuzi umechelewa."

Behewa zima likacheka. Yule mama akainua viganja, "Mungu amponye," na watu wote wakaitikia amina.

Na mimi nikaitikia amina.

Karibu na Kingolwira tukasimama. Maji yalikuwa yameshusha udongo juu ya reli, vibarua wakawa wanauzoa, na Mdachi mmoja kasimama chini ya mwavuli anawafokea. Tulikaa pale hata nikaona jua, pale lilipokuwa limejificha, linainama. Abiria wote walikuwa na baridi. Mimi nilikuwa natoka jasho. Mwanahawa akaniambia nitulie, mgonjwa hakimbii, na akaendelea kunisimulia jinsi atakavyomsimanga Zena akifika. Ataanzia mlangoni kabisa, alisema. Atamwita mvivu, majirani wote wasikie.

Ningeweza kumwambia pale. Tulikuwa na nafasi, na hapakuwa na pa kukimbilia, labda ndiyo sababu sikusema.

Tuliposhuka Morogoro adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Nikageukia njia ya nyumbani kwa Bakari. Yeye akageukia sokoni.

"Unakwenda wapi?"

"Ndimu. Nimesahau ndimu. Zena hanywi mchuzi bila ndimu, unataka animwagie?"

Nikamwambia, "Ndimu hazina haja tena, dada."

Miaka yote hiyo sijapata kumwita dada. Nadhani hilo ndilo lililomwambia. Akanitazama, maji yanamtiririka usoni, na ule uso ukafungwa taratibu kama duka.

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

Akaniwekea chungu mikononi, akakimbia.

Alimwahi. Hilo Mungu kalifanya bila msaada wangu. Mvua iliyolizuia gari ilikuwa imejaza kaburi, wanaume walikuwa bado wanachota maji kwa vibuyu, na jeneza lilikuwa bado sebuleni. Nilimsikia akilia, mimi bado niko njiani. Nikaingia uani kwa watu wa msiba nimekumbatia chungu cha mchuzi, kila mtu ananipisha, hakuna aliyejua aniulize nini.

Bakari alinishika bega. "Ahsante, fundi. Nilijua wewe utamleta taratibu."

Taratibu. Alinishukuru mbele za watu, na mimi nikashukurika.

Baada ya maziko walitazamia utani wangu. Watu wakanigeukia, hata shangazi yao mmoja mkali akaniambia, "Mnyamwezi, leo huna la kusema? Mtani wako katuachia vyungu havijaoshwa." Alikuwa ananifungulia mlango. Sikuingia. Wakadhani ni majonzi, wakanihurumia tena.

Nilitaka kuondoka kimya kimya. Mwanahawa akatokea mlango wa uani, macho yamevimba, akanionyesha chungu kilipokuwa.

"Kichukue, mtani. Kuku ulimchinja wewe. Kawape watoto wako, usimwage."

Kaniita mtani. Nimelipima neno hilo njia nzima kama kitambaa, nikitafuta upande wa mbele ni upi. Sikupata. Nilikuwa namhurumia, nilijiambia kule Mikese. Uongo. Nilikuwa najihurumia mimi, nisiwe mtu ambaye Mwanahawa atamkumbuka kila akikumbuka siku hii. Nikamwacha acheke kutwa nzima, na sasa kicheko chenyewe kitamwuma kuliko kilio. Na atanikumbuka vizuri sana.

Watoto wamekunywa wote. Mimi nilisema nimeshiba. Yule mdogo akalamba vidole, akasema mchuzi ni mtamu, umekosa ndimu tu.

Mke wangu ameosha chungu, amekifudikiza karibu na jiko kikauke. Kesho asubuhi nakirudisha kwa Bakari, na kwetu hapa hurudishi chungu cha mtu kitupu, kwa hiyo ameshapima mchele wa kutia. Mchele ni rahisi. Nikifika pale mlangoni na chungu mkononi, Mwanahawa akaja kukipokea, nianze na neno gani?