Baba Hakwenda Kuhiji

Mazatlán,
Jumamosi jioni

Dada yangu mpendwa Hortensia,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku pwani, ambako joto limeanza kupungua na mimi mdogo wako ni mzima, ila sauti imekauka kwa kusema kutwa nzima. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji Abundio na watoto, na kwamba lile goti halikusumbui sana baridi ikishuka huko milimani. Kazi yangu ya kutembeza wageni bado naipenda. Nabor, dereva wetu, bado ananiita kasuku, nami bado namwambia ni kasuku huyu anayemlisha.

Dada, nina habari. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatia kabla sijafika katikati. Barua hata ukiichana, utarudi kuviokota vipande.

Leo asubuhi tulipewa kundi la waumini kutoka huko kwetu Durango, waliokuja kuona mji na kulala usiku mmoja. Nikapanda basini, nikashika kipaza sauti, nikawakaribisha kwa maneno yangu ya kila siku, mpaka macho yangu yalipofika kiti cha nyuma. Pale alikuwa ameketi mzee mwenye miwani nyeusi na kofia pana. Kofia ile niliijua, maana nilimnunulia mwenyewe. Alikuwa baba yetu, dada, yule yule uliyemfungia mkate na blanketi aende kuhiji kanisani Plateros. Akaweka kidole mdomoni kuniambia ninyamaze.

Nilichanganyikiwa hata nikawaambia wageni kwamba kanisa kuu lilijengwa na maharamia. Nabor alicheka mpaka akakosea gia. Bibi mmoja akauliza maharamia hao walikuwa wa parokia gani.

Baba alijifanya hanijui, lakini kunyamaza alishindwa. Tulipofika kwenye mwamba wa wapiga mbizi, kijana akapanda juu kabisa kungoja wimbi lijae ndipo ajirushe. Watu wakabana pumzi. Baba akapaza sauti: "Binti kiongozi, huyu kijana ana mama?" Nikamjibu kuwa anaye. "Basi na ashuke kwa miguu!" Wote wakaangua kicheko. Kijana akajirusha, akaibuka mzima, na baba akampigia makofi kuliko mtu yeyote, kisha akajifuta macho chini ya miwani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba leso aliyojifutia haikuwa yake. Alipewa na mama aliyekaa kando yake, mnene kidogo, mwenye shali ya buluu, ambaye tangu asubuhi nilidhani ni jirani wa kiti tu.

Mchana tulivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Jiwe. Wageni waliketi kula kamba wabichi wa ndimu na pilipili, lakini wale wawili waliteremka majini. Unakumbuka baba alivyokuwa akisema kwamba bahari ni maji yaliyokosa adabu, hayajui kutulia. Yule mama alivua viatu, akamshika mkono, wakaingia hadi magotini. Wimbi likawapiga, likamvua baba kofia, naye akacheka. Dada, alicheka kinywa wazi, meno yake machache yote nje, kicheko ambacho sijakisikia tangu mama atutoke.

Sikufichi, nilikasirika. Nilimkumbuka mama, aliyeomba kuiona bahari akaambiwa na baba kazi ya kiwanda cha mbao haijaisha. Nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda kumwambia baba hayo, mara nikamwona anakuja mwenyewe, suruali inachuruzika maji. Akaketi kando yangu mchangani.

"Najua unachowaza, Femia," akasema. "Mama yako aliniomba, nikamwambia mwaka ujao. Kila mwaka ukawa mwaka ujao. Sitaki kumwambia mtu mwingine hivyo."

Hasira yangu ikakosa pa kusimama.

Basi, dada, kama umesimama, keti. Baba anataka kuoa. Jina la yule mama wa shali ni Casilda, na unamfahamu: ndiye yule mjane unayenunua kwake tamali, yale madonge ya unga wa mahindi, nje ya kanisa kila Jumapili ukiapa kwamba hakuna mkono kama wake. Nilipomwuliza baba kwa nini hakukwambia wewe kwanza, akainamisha kichwa kama mtoto. Akasema huko kiwandani hakuna aliyewahi kumtisha, si bosi, si msumeno, lakini Hortensia akimtazama kwa macho ya marehemu mama, anaanza kutafuta mlango.

Bi Casilda naye akaja, akaniletea dafu. Hakujipendekeza. Aliniambia hivi: "Sikuja kukalia kiti cha mama yenu, mwanangu. Mimi nina kiti changu, nitakuja nacho."

Mimi nimekwisha kumpa baba baraka zangu, lakini amesema hazitoshi. Anataka harusi kabla ya Noeli, na haendi mbele ya padri mpaka wewe ukubali. Ukikataa, amesema, atabaki alivyo na hatakulaumu. Namwamini, na ndiyo maana naogopa jibu lako.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na umwambie mdogo kabisa kwamba mama yake mdogo amemwekea makombe ya baharini. Kwa Mama pale makaburini, nipelekee maua kwa niaba yangu.

Barua hii namkabidhi baba mwenyewe kesho asubuhi kabla basi lao halijaondoka. Ameahidi kukupa mkononi na kutokwenda popote mpaka uimalize. Kwa hiyo inua macho, dada. Yuko hapo mbele yako, kofia mkononi, anangoja. Usianze na ile hija. Mwulize kwanza bahari ilikuwaje.

Mdogo wako akupendaye,
Eufemia